Tiketi Iliyolipwa Taslimu

Manila,
11 Februari 1996

Mpenzi Mama Griffins,

Nimefika salama, ila masikio bado yanavuma kama kinu chetu cha mpunga cha Wang'uru siku za mavuno. Chuo ni kizuri. Chakula ni mchele asubuhi, mchele mchana, mchele jioni. Mimi niliyedhani nimeuacha mchele Mwea kwa miezi sita, kumbe nimeufuata kwao.

Sasa nikwambie habari za ile kadi ya benki, maana najua ulikuwa ukiicheka kimoyomoyo. Tulipokwisha kuagana pale uwanja wa ndege, ninyi ishirini na saba mkapanda kwenye roshani ya kupungia mikono. Mimi nikaonyesha kadi kwenye mlango fulani wa kioo, na msichana akaniita mheshimiwa. Ndani kuna viti vya ngozi, chai, sambusa na magazeti, vyote bure kwa mwenye kadi. Nikatia biskuti mfukoni nimletee Mama, halafu nikakumbuka kwamba nikishapita hapo sirudi tena nje. Nilizila peke yangu na kuona haya, watu wangu wamesimama kwenye upepo.

Kila ninachonunua kwa kadi hii kinaniletea pointi. Zikiwa nyingi zinageuka tiketi ya ndege au siku mbili za hoteli. Nimepanga siku moja mimi na wewe tukalale hoteli kubwa ya Mombasa kama watalii, watoto tuwaachie Mama. Kijitabu cha masharti kiko kwenye droo ya kabati, kisome ukipata nafasi. Mna hata bima: mwenye kadi akiugua au akifa safarini, benki inagharimia kila kitu mpaka kumrudisha kwao. Usinikasirikie. Hayo ni maandishi yao, si yangu.

Mwambie Mama nilipanda ndege bila deni mgongoni kama alivyotaka. Na wasalimu wote waliochanga, mmoja mmoja, usimruke mtu.

Ni mimi wako,
Kingori

*

Ruring'u, Nyeri,
2 Mei 1996

Kwa Mkuu wa Idara ya Kadi,
Benki ya Kilele, Nairobi

KUH: KUMRUDISHA NYUMBANI MAREHEMU KINGORI

Mimi ni Kagure, mwalimu wa shule ya msingi, mke wa mteja wenu aliyetajwa hapo juu. Mume wangu alikuwa Manila kwa masomo ya kilimo cha mpunga. Tarehe 20 Aprili alishikwa na homa, na tarehe 24 akafariki hospitalini. Nimeambatanisha cheti.

Wafadhili wa masomo walikuwa wakilipa karo na chakula. Wamesema maiti hawamo katika mpango wao. Kumsafirisha ni mara nne ya nauli ya mtu aliye hai, na sisi hatuna. Hospitali ya huko itamhifadhi mpaka mwisho wa mwezi huu tu. Baada ya hapo atazikwa hukohuko, katika nchi ambayo hakuna hata mtu mmoja wa kwao.

Nimesoma kijitabu chenu, ukurasa wa tisa. Mmeandika kwamba mwenye kadi akifa safarini, benki itamrudisha. Naomba mfanye hivyo. Samahani kwa kuandika Kiswahili. Kiingereza changu ni cha ubaoni, na kwa jambo hili kilinikataa.

Wenu,
Kagure

*

Benki ya Kilele, Idara ya Kadi,
Nairobi, 7 Mei 1996

Kwa Mwalimu Kagure,

Pole sana kwa msiba. Kwa kawaida barua za ofisi hii huandikwa kwa Kiingereza, lakini nimeona nikujibu kwa lugha uliyotuandikia. Mimi ndiye karani wa faida za wasafiri, na faili ya mume wako iko mezani kwangu.

Ukurasa wa tisa uliusoma sawasawa. Naomba usome pia wa kumi na nne, maandishi madogo ya chini. Faida zote za safari, ikiwemo kumrudisha marehemu, huanza pale tu nauli ilipolipiwa kwa kadi yenyewe. Kwa hiyo nahitaji risiti ya kadi ya siku tiketi iliponunuliwa. Ukinitumia hiyo, naweza kuanza kazi siku hiyohiyo.

Wako katika huduma,
Anita Kananu

*

Ruring'u,
10 Mei 1996

Dada Anita,

Asante kwa kunijibu kama mtu. Nimesoma ukurasa wa kumi na nne. Kila muhula nawaambia watoto wa darasa la sita wasome maelekezo yote kabla ya kujibu maswali, na mimi mwenyewe nilisoma ukurasa mmoja nikafunga kitabu.

Risiti unayoitaka haipo. Tiketi ililipwa taslimu, na aliyezibeba hizo pesa ni mimi.

Kingori alipopata nafasi ya masomo alisema atalipia tiketi kwa kadi. Mama mkwe wangu, Watiri, akauliza kadi ni kitu gani. Akaelezwa kwamba benki inakulipia leo nawe unalipa baadaye. Akasema, "Mtoto yangu hawezi kupanda ndege na deni kwa mgongo. Hata mbuzi hatuchukuangi na deni." Akauza mtamba wake. Halafu akaenda kanisani akasimama mbele ya watu kuomba msaada, yeye ambaye hata sala ya chakula huisemea kifuani kwa haya.

Jumapili iliyofuata tukafanya harambee. Kuku walinadiwa, maboga yakanadiwa, na nyanya mmoja wa kanisani alinadi mwavuli wake huku mvua inanyesha. Mimi nilikuwa mweka hazina. Jumatatu nikazifunga pesa kwenye leso, nikaenda kwa wakala wa tiketi mjini. Yule msichana akaniuliza, "Mama, ni keshi ama kadi?" Nikamjibu kwa maringo kwamba ni keshi, na tena ni ya watu. Kadi ilikuwa mfukoni mwa mume wangu, amesimama kando yangu. Alinitazama akatabasamu tu.

Barua yako niliisomea kwenye ngazi za darasa, nikakaa hapo mpaka kengele ikalia, na watoto wakaingia wenyewe.

Mama sijamwambia. Ameshaonyesha mahali pa kuchimba, kando ya baba yake Kingori, na amekataza mtu kupanda maharagwe hapo. Kila jioni watu wa kanisa wanakuja kwa maombi, naye anawaambia benki kubwa ya Nairobi inamleta mwanawe. Nauliza hivi: zile pointi zake haziwezi kusaidia? Ziondoeni zote.

Kagure

*

Nairobi,
14 Mei 1996

Mwalimu,

Nitasema ukweli hata kama ni mchungu. Pointi haziwezi. Masharti yanasema ni za mwenye kadi mwenyewe, hazirithiwi, na akaunti ikifungwa kwa kifo zinafutwa.

Namkumbuka mume wako. Alikuja kuchukua kadi mwaka jana mwezi wa tisa, nikamsomea faida zake kama ninavyowasomea wote. Wengi huwa wanaangalia saa. Yeye aliniuliza ni pointi ngapi zinatosha mbuzi mmoja wa mahari, tukacheka. Ukurasa wa kumi na nne sikumsomea. Hatuwasomei. Wanautia sahihi tu. Tangu nilipopata barua yako nimekuwa nikiufikiria huo ukurasa hata nikiwa naoga.

Kuna jambo moja. Kwenye taarifa ya kadi yake nimeona malipo madogo kwa shirika la ndege, siku ileile ya kuondoka, pale uwanjani. Yalikuwa ya nini? Kama ni sehemu ya nauli, hata ikiwa ndogo, nina mlango wa kuingilia kwenye kamati. Nijibu haraka. Na usiseme kwamba ni mimi niliyekuuliza.

Anita

*

Ruring'u,
18 Mei 1996

Dada Anita,

Yalikuwa ya mzigo.

Mama alikuwa amemfungia njahi, yale maharagwe yetu meusi, unga wa wimbi na mihogo mikavu, akavishona ndani ya gunia dogo. Tulipofika kwenye mizani pale uwanjani wakasema uzito umepita. Kingori akajaribu kumbembeleza Mama ampunguzie mzigo. Mama akamwambia kwamba mwanamume haendi ugenini akawa anaombaomba chakula cha watu. Pesa za mfukoni zilikuwa zimeisha, kwa hiyo Kingori akatoa kadi. Mama hakuona. Angeona, gunia lingerudi Nyeri.

Siku mbili nimekaa na kalamu. Ningeweza kukuandikia kwamba ilikuwa nauli. Lakini shirika la ndege lina nakala yake, ungeaibika wewe mbele ya wakubwa wako na Kingori angebaki palepale. Nimeandika ilivyokuwa. Ipeleke hivyo kwenye kamati, na kama unajua kuomba, omba.

Zimebaki siku kumi na tatu. Usiku silali vizuri, nahesabu tu.

Kagure

*

Benki ya Kilele, Kitengo cha Zawadi,
20 Mei 1996

Mpendwa Bwana Kingori,

Hongera! Tunafurahi kukujulisha kwamba pointi zako sasa zinatosha zawadi ya Daraja la Kwanza. Umefuzu kupata safari ya mapumziko kwa watu wawili kwa gharama ya benki. Tafadhali wasiliana nasi upange tarehe ya safari yako.

Kumbuka: pointi hudumu maadamu akaunti iko hai.

Barua hii imetolewa na kompyuta. Haihitaji sahihi.

*

Nairobi,
27 Mei 1996

Mwalimu Kagure,

Kamati ilikaa leo asubuhi. Nilipewa dakika chache. Nilisema mzigo ni sehemu ya safari, kwamba hakuna mtu anayelipia mzigo asipopanda ndege. Mmoja wao aliniunga mkono. Waliobaki walisema nauli ni nauli.

Wamekataa. Barua rasmi nimeiambatanisha, na inabidi itaje sababu: kwamba tiketi ililipwa taslimu. Niliomba sababu isiandikwe, wakasema sheria inadai iandikwe.

Sina cha kukufariji nacho. Kama zile pesa zingebaki kwenye leso na kadi ikapitishwa kwenye mashine, kisha mkalipa benki mwisho wa mwezi kwa pesa zilezile, mume wako angekuwa amerudi. Nakwambia kwa sababu utaligundua hilo wewe mwenyewe, na ni heri ulisikie kwa mtu anayelia.

Anita

*

Ruring'u,
8 Juni 1996

Dada Anita,

Kingori alizikwa Manila tarehe mosi. Wanafunzi wenzake wamenitumia picha. Kuna ukuta mweupe, namba, na jina lake limekosewa herufi moja. Mghana mmoja aliyekuwa akilala naye chumba kimoja alimwimbia wimbo wa kwao.

Hapa nyumbani wazee wamezika mgomba. Sijui kama kwenu upande wa Meru, maana jina lako ni la huko, mnafanya hivyo. Mtu asiyerudi hukatiwa shina la mgomba, likavikwa shuka na kulazwa mahali pake, ili nyumba isibaki na kaburi lililo wazi. Mchungaji alisema hawezi kuusomea mgomba sala. Alisimama barabarani na Biblia yake chini ya mvua mpaka tukamaliza, halafu akaja akala nasi. Sikumkasirikia. Mimi mwenyewe sikujua nimlilie nani.

Lakini nimekuandikia kwa jambo jingine.

Ile barua yenu ya hongera ilifika kabla ya hii ya kamati. Shemeji yangu Wamae aliichukua posta, akaifungua akiwa njiani, na alipofika akawasomea watu wa maombi kwamba benki imekubali safari kwa gharama yake. Mama alipiga vigelegele. Nilipoisoma mwenyewe nikaona ni ya pointi, na ilinibidi nisimame mbele ya watu wote wale niseme hapana, si ya kumleta, ni ya kumpeleka yeye na mimi mapumzikoni. Mama akauliza, "Sasa ile ya ukweli itasema nini?" Nikasema bado haijafika.

Siku chache baadaye ikafika, sikumwambia mtu. Iko ndani ya mto ninaolalia.

Anaiuliza kila siku. Amelala kitandani na anakunywa maji tu, tena kwa kulazimishwa. Anataka isomwe na Wamae mbele ya wote, ajue kwa nini mtoto wake ameachwa. Anita, nikimpa Wamae barua hii, ataisoma jinsi ilivyo. Atafika kwenye neno taslimu. Mama atakumbuka mtamba, atakumbuka alivyosimama kanisani. Hatajua mambo ya mashine na risiti. Atajua tu kwamba ni yeye aliyemfungia mwanawe njia ya kurudi. Na wale waliotoa kuku na maboga watajua vivyo hivyo kila mmoja nyumbani kwake. Mimi najua tayari, na nimeona jambo hili linavyomfanya mtu. Natosha.

Naomba uniandikie barua nyingine ya kukataa. Weka sababu yoyote, mradi isiwe sisi. Mwezi uliopita nilikataa kudanganya kwa ajili ya Kingori, kwa kuwa haingemsaidia. Hii itamsaidia mama yake.

Kagure

*

Nairobi,
14 Juni 1996

Mwalimu,

Iliyoambatanishwa ndiyo ya kusomwa. Nimeiandika saa ya chakula wenzangu walipotoka, kwenye karatasi yenye nembo. Nakala sikuiweka kwenye faili. Ile iliyo ndani ya mto unaolalia ichome.

A.

*

Benki ya Kilele, Idara ya Kadi

Kwa Mama Watiri na jamaa yote ya marehemu Kingori,

Tumepokea ombi lenu la kumrudisha marehemu. Karatasi zenu zote zilikuwa sawa, na hakuna kosa lolote kwa upande wa familia.

Benki hii ina orodha ya nchi inazohudumia wateja wake wanapofariki safarini. Nchi aliyokuwako marehemu haimo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo tumeshindwa kumrudisha. Hata kama tiketi yake ingelipiwa kwa njia gani, na nani, jibu letu lingekuwa hilihili.

Aliyeamua jambo hili na aliyeandika barua hii ni mmoja. Mwenye malalamiko amwandikie yeye.

Anita Kananu

*

Ruring'u,
23 Juni 1996

Kwa Anita Kananu,

Ni mimi Watiri, mama yake Kingori. Sikusoma, na mkono huu ni wa mke wa mwanangu. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asiweke sukari.

Barua yako imesomwa na mwanangu Wamae mbele ya nyumba yangu, na watu wote wa kanisa wameisikia. Nimesikia kwamba mna orodha ya nchi. Nauliza, wewe uliyeishika hiyo orodha, una mama? Alikuzaa akakuandika kwenye karatasi, huyu yumo, huyu hayumo? Mlimpa mtoto wangu kadi yenye rangi ya dhahabu, mkamketisha kwenye kiti cha ngozi, mkamnywesha chai. Alipokufa mkatafuta orodha.

Sitakulaani, kwa kuwa nimeokoka. Lakini nataka ujue kwamba nakuchukia, na nitakapokufa nitaomba nikuone kwa macho yangu nikuulize tena.

Sisi tulifanya yetu. Mimi niliuza mnyama wangu, na majirani wakatoa walichokuwa nacho, hata ambao hawakuwa nacho. Hatukukopa kwenu hata senti. Na ujue kwamba hatukumlipia kwenda tu. Tulimlipia kwenda na kurudi, yote mara moja, mkononi. Karatasi ya kurudi iliyobaki watu wa chuo wametuletea pamoja na nguo zake, na nimeiweka kwenye Biblia. Kwa hiyo mtoto wangu alikuwa na njia ya kurudi nyumbani, na aliyemnunulia ni mimi mama yake. Walioifunga ni ninyi.

Hayo ndiyo yangu. Nimeweka kidole.

Watiri

Dada Anita, ni Kagure. Nimeandika yote jinsi alivyoyasema, sikupunguza hata neno, kwa sababu alinifanya nimsomee mara mbili. Nisamehe. Aliposikia yamekaa sawa aliketi kitandani, akafuta wino kidoleni, akaniuliza kama kuna uji. Alikunywa kikombe kizima, akaomba kingine.